«Namba zimeisha»: hubiri ambalo halitahamisha Goma

Kila semina ya teknolojia inarudia wimbo ule ule: anwani za intaneti zimeisha, tuhamie IPv6. Ni kweli, lakini kama hoja ni dhaifu.

IPv4 ina anwani kama bilioni 4.3. IANA, ghala kuu la dunia, iligawa mafungu ya mwisho Februari 2011. Intaneti ilisimama? Hapana. Kampuni za simu zimeweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mtu wa Kituku anaelewa haraka: mizigo ya Idjwi na ya Minova inashukia bandari moja, na lazima mtu ashike daftari kujua gunia gani ni la mama gani. Kwenye rezo, mashine ya kampuni ndiyo inashika daftari. Mteja mmoja akituma uchafu, tovuti inafunga anwani ile, na wasio na kosa wanafungiwa pamoja naye.

Sasa tuangalie nani kahama. India ilisukumwa na Reliance Jio, iliyofungua huduma Septemba 2016 na IPv6 ndani tangu mwanzo. Ufaransa, kampuni ya Free ilianza 2007. Halafu mwaka 2020 Arcep ikaweka IPv6 kwenye masharti ya leseni za 5G. Basi mmoja alijenga upya, mwingine aliwekewa sharti. Uoga wa kuishiwa peke yake haukutosha.

Na sisi? AFRINIC, ofisi ya bara letu huko Mauritius, ilibaki na IPv4 za kugawa wakati wenzake wamekauka. Wengi waliita bahati. Mimi naona ulikuwa mto wa usingizi. Halafu kuanzia 2021 zikaja kesi, mwaka 2023 mahakama ikaweka msimamizi, na bodi mpya ikachaguliwa Septemba 2025 tu. Aliyepaswa kutuamsha alikuwa mahakamani.

Njia ya Ufaransa kwetu ni ngumu: tangu Januari 2025, amri ya Kinshasa haifiki Goma kirahisi. Lakini bei inafika. Tangu Februari 2024, Amazon inalipisha kila anwani ya IPv4 kwenye seva zake senti nusu ya dola kwa saa, karibu dola 3.6 kwa mwezi. Kijana anayetengeneza programu ya kuuza samaki wa Kituku analipa hiyo. Akikataa, abaki na IPv6 peke yake, mteja ambaye kampuni yake ya simu haijawasha IPv6 hataiona tovuti yake, hata kama simu yenyewe inaweza.

Njo maana nasema tuache kuhubiri uhaba, tuongee gharama na nani anaibeba. Wengi kati yetu tunashika seva za vyuo, za mashirika, za maduka. Kuziwekea anwani zote mbili hakuhitaji ruhusa ya waziri. Kazini kwako, tovuti yenu inajibu kwa IPv6? Pima kesho, halafu utuandikie hapa chini.