Sentensi Isiyo na Mwenyewe

Tarehe 29 Januari 1857, mwendesha mashtaka Ernest Pinard alisimama katika mahakama ya Paris kumshtaki Gustave Flaubert kwa kuchafua maadili ya umma na dini kupitia riwaya ya Madame Bovary. Kifungu kimoja alikiona kibaya kuliko hata uzinzi wenyewe. Emma, mke wa tabibu wa kijijini, ametoka msituni alikojitoa kwa Rodolphe kwa mara ya kwanza. Anajitazama kwenye kioo na kujiambia kuwa sasa ana mpenzi. Hapo alama za kunukuu zipo, kwa hiyo tunajua maneno ni yake. Mara alama zinaondoka, lakini shangwe haiondoki. Masimulizi yanaendelea kwa nafsi ya tatu, yakitaja raha alizokuwa amekwisha kuzikatia tamaa na sasa zinamjia. Pinard alitafuta ndani ya kitabu kizima mtu wa kumlaani mwanamke huyu. Hakumpata.

Flaubert aliachiliwa Februari 7, ingawa hukumu haikukosa maneno ya kumkemea. Kwangu mimi Pinard hakuwa msomaji mbaya. Aligusa palepale penye ufundi.

Shuleni tunafundishwa usemi halisi na usemi wa taarifa, na mtihani hauulizi zaidi ya hapo. Lakini katikati yake kuna usemi wa tatu. Nitatunga mfano. Usemi halisi: Mwanaidi alisema, “Kesho atakuja.” Usemi wa taarifa: Mwanaidi alisema kwamba angekuja siku ambayo ingefuata. Sasa huu wa tatu: Mwanaidi aliweka simu mezani. Kesho angekuja. Kwa nini asije? Mwanamume aliyeapa vile haachi kuja.

Sentensi hizo za mwisho ni za nani? Nafsi na wakati ni vya msimulizi, lakini “kesho” ni ya Mwanaidi, swali ni lake, na imani ile ya kitoto kuhusu viapo vya wanaume ni yake kabisa. Mwandishi huenda anajua fika kwamba bwana huyo haji, lakini amekaa kimya. Ongeza “alijisemea moyoni” na kila kitu kinaharibika: msomaji ameshatahadharishwa kwamba haya ni mawazo ya mtu tu. Flaubert hakuwa wa kwanza kuandika hivi, Jane Austen alimtangulia kule Uingereza, lakini yeye aliufanya mtindo huo uti wa mgongo wa riwaya nzima. Wanaisimu walikawia: jina la Kifaransa la mtindo huo lilitolewa na Charles Bally mwaka 1912.

Ndiyo maana nachoka na maelezo ya mtazamo yanayoishia kwenye kuchagua kati ya “mimi” na “yeye”. Nafsi inatuambia anayesimulia ni nani, haituambii anayeona ni nani. Madame Bovary yenyewe inaanza kwa “sisi”. Wanafunzi wamekaa darasani, anaingizwa mgeni mwenye kofia ya ajabu, nao wanamcheka. Mgeni huyo ni Charles, mume mtarajiwa. Baada ya kurasa chache “sisi” hao wanakiri kwamba hakuna anayemkumbuka vizuri, kisha wanapotea moja kwa moja. Riwaya inabaki na nafsi ya tatu.

Kisha Emma analetwa kwetu kupitia macho ya Charles. Amekwenda shambani kumtibu baba mtu aliyevunjika mguu, na anachokiona ni weupe wa kucha za binti, na vidole anavyojichoma kwa sindano na kuvinyonya. Anachokiwaza binti hatuambiwi hata chembe. Mhakiki Enid Starkie wa Oxford alimlaumu Flaubert kwa kuyabadilisha rangi macho ya Emma: mara ya kahawia, mara meusi, mara ya buluu iliyokolea. Sikubaliani naye. Ile buluu inaonekana asubuhi, Charles akiwa amelala ubavuni pa mkewe na mwanga unaingia. Rangi inategemea nani anatazama, akiwa wapi, saa ngapi.

Baada ya harusi ndipo mlango wa kichwa cha Emma unafunguka, na tunakuta riwaya za mapenzi alizosoma akiwa msichana kwenye shule ya watawa. Mpangilio huu ndio unaoibeba kazi yote. Tumempenda kwanza kwa macho ya mume asiyejua lolote, na tunapoingia ndani mwake tunakuwa tumechelewa kumhukumu. Kufikia kile kioo, msomaji makini anatambua kwamba raha zinazotajwa zimetoka kwenye vile vitabu vya ujana. Kejeli ipo, ila haikuandikwa popote. Msomaji asiyeishika anaachwa peke yake na furaha ya Emma.

Emma anakula aseniki kabla kitabu hakijaisha. Mtazamo unamrudia Charles, anayezifumania barua za wapenzi wa mkewe na kushindwa kumchukia hata Rodolphe. Naye anakufa. Baada ya hapo Flaubert haingii tena kichwani mwa mtu. Sentensi ya mwisho ni habari kavu, kama ya gazetini: Homais, mfamasia wa kijiji, ametunukiwa nishani.