Adabu ya Kufungua Kilichofungwa

Mwezi wa Novemba 2016 kampuni ya Nintendo, ambayo ilianza huko Kyoto mwaka 1889 kwa kutengeneza karata za maua ziitwazo hanafuda, ilitia sokoni kisanduku cha plastiki kinachoenea katika kiganja cha mkono, chenye sura ya mashine yake mashuhuri ya michezo ya miaka ya 1980, na ndani yake imetiwa michezo 30. Mnunuzi hakutakiwa ila kuchomeka waya mmoja katika televisheni na mwingine katika umeme, akacheza. Tundu la kaseti lilikuwa pambo tu, wala hapakuwa na njia ya kuongeza mchezo wa thelathini na moja. Hesabu ilikuwa imekwisha kufungwa kiwandani. Lakini wako watu ambao hawawezi kupita mbele ya mlango uliofungwa pasipo kutaka kujua kitasa chake kimeundwaje, na ilipofika Januari 2017 fundi mmoja wa Urusi, ajulikanaye kwa lakabu ya Cluster, alikuwa amekwisha kutoa programu iliyoitwa hakchi2, ambayo kwayo mtu yeyote mwenye kompyuta na subira aliweza kukiongezea kisanduku kile michezo mingine. Nataka kuwasifu mafundi wa namna hii, na hususa nataka kusifu jambo moja katika kazi yao ambalo mtazamaji wa nje halitambui upesi, nalo ni adabu yao.

Chini ya kifuniko cha kisanduku hicho kuna chipu ya Allwinner R16, kumbukumbu ya muda ya megabaiti 256 na ghala ya kudumu ya megabaiti 512, na anayetawala humo ni Linux, mfumo ule ule unaoendesha seva nyingi za dunia. Mashine ya kale ambayo kisanduku hiki huiigiza ilikuwa na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kilobaiti 2 tu, na mchezo wa Super Mario Bros., uliowakesheza watoto na wazazi wao, una kilobaiti 40. Pima basi: michezo 30 katika ghala ile ilikuwa kama pishi moja ya mtama katika bohari la kupokelea shehena ya jahazi. Nafasi ilikuwapo na nguvu zilikuwapo; kilichokosekana ni ruhusa.

Waliokuwa na ujuzi wa chipu za Allwinner walifahamu kwamba huzaliwa na mlango wa uani. Mlango huo huitwa FEL, na umechongwa ndani ya chipu yenyewe, mahali ambapo hakuna programu iwezayo kupafuta, ili fundi apate njia ya kukiamsha kifaa ambacho ghala yake ni tupu au imeharibika. Kwa kisanduku hiki ufunguo wake ni kidole tu: unachomeka waya wa USB kutoka katika kompyuta, unabonyeza kitufe cha RESET bila kukiachia, unasukuma swichi ya umeme, unangoja kidogo, kisha unaondoa kidole. Taa haiwaki, televisheni haionyeshi kitu, na asiyejua atadhani kifaa kimekufa. Kumbe kimesimama kimya, kinangoja kuambiwa neno. Mimi nilipojaribu mara ya kwanza ilinipotea jioni nzima, kompyuta ikikana katakata kukitambua, hata nilipogundua kwamba waya niliotumia ulikuwa wa kuchajia simu tu, hauna nyuzi za kupitishia habari.

Hapo mlangoni ndipo adabu ninayoisifu inapoanza. Mtu aliyeukuta mlango wazi, naye amejaa shauku ya kuingiza vyake, hutazamiwa kuwa kitendo chake cha kwanza kitakuwa kuandika. Fundi wa kazi hii kitendo chake cha kwanza ni kusoma. Hukitoa kiini cha Linux kilichomo, baiti kwa baiti kama kilivyotoka kiwandani, akakiweka katika kompyuta yake kuwa amana, maana siku mambo yakiharibika, au akitaka kumpa mwenziwe kifaa katika hali yake ya asili, kiini kile kile kitarudi mahali pake kwa kupitia mlango ule ule. Katika menyu ya hakchi2 kazi ya kutoa nakala ilitangulia kazi ya kubadilisha, na kazi ya kurudisha hali ya asili iliwekwa karibu nazo. Aliyejenga ngazi ya kupandia alijenga na ya kushukia. Nimewaona mafundi wa saa, wa redio na wa cherehani wenye mikono ya ajabu, lakini ni wachache niliowaona wakipanga parafujo katika kisahani kwa utaratibu wa kuzirudisha.

Hata kuandika kwenyewe si kufuta. Mfumo wa asili umekazwa katika sehemu ya ghala isiyokubali kuandikwa, na umefungwa kwa msimbo wa siri. Hakchi2 haiichokori sehemu hiyo. Michezo mipya hukaa katika sehemu nyingine, ile iliyoachwa kwa ajili ya kuhifadhi hatua alizofikia mchezaji, na kila kifaa kinapoamka, kiini kilichorekebishwa hutandika orodha mpya juu ya orodha ya zamani, kama mwenye nyumba atandikavyo mkeka wa wageni juu ya mkeka wa kila siku: wageni huketi na kustareheshwa, na wakiondoka, ule wa chini ungalipo vile vile, haukukunjwa wala kukatwa. Sijui sanaa nyingi za kurekebisha vitu vya wengine zilizo na staha kama hii.

Kisha iko kazi ya mkono. Kila mchezo unaoongezwa huandikiwa faili dogo la maandishi lenye jina lake, mwaka wake, mtoaji wake na idadi ya wachezaji, na hutafutiwa picha ya jalada ipunguzwe kwa kipimo kinachostahili, ili utakapotokea katika safu kwenye televisheni usionekane mgeni mbele ya ile 30 ya kwanza. Wala si kila mchezo hukubali. Kichakato cha mashine ya kale kiliweza kuona kwa kawaida kilobaiti 32 tu za programu ya kaseti kwa wakati mmoja, na kwa hiyo kaseti kubwa zilitiwa saketi ya kugeuza kurasa, ikifunua ukurasa mmoja na kufunika mwingine, na aina za saketi hizo zilikuwa nyingi. Programu ya kuigiza iliyomo katika kisanduku, iitwayo kachikachi, ambayo ilitungwa na tawi la Nintendo lililoko Paris, ilifundishwa aina chache, maadamu michezo yake 30 haikuhitaji zaidi. Mafundi wakaleta RetroArch, programu huria yenye elimu pana zaidi, wakaiketisha pembeni ya kachikachi, kila moja ikaitwa kwa mchezo inaoumudu.

Walipokuwa wakizuru humo ndani waligundua jambo ambalo kila nikilikumbuka hunigusa moyo. Mmoja wa watunzi wa kifaa, aliyejiita nahodha wa hanafuda, aliacha ujumbe mfupi katika programu kwa ajili ya yeyote atakayefika mahali pale, akieleza kwamba johari hii imegharimu jitihada na machozi na saa zisizo na hesabu, na akiomba mahali hapo pawekwe nadhifu na wasivunje kila kitu. Alijua watakuja. Na waliokuja walitimiza ombi la mtu ambaye hawakuwahi kuonana naye, kwani kwa njia waliyoitengeneza hakuna kilichovunjika.

Yuko aliyekwenda mbali zaidi ya ujumbe. Mwaka 2004 Jeri Ellsworth, mbunifu wa saketi wa Marekani, aliikusanya kompyuta nzima ya Commodore 64 ya mwaka 1982 katika chipu moja, ikafichwa ndani ya mkono wa kuchezea na kuuzwa na michezo 30. Kwa mnunuzi wa kawaida ilikuwa zawadi ya sikukuu. Lakini juu ya bamba la saketi Ellsworth aliacha kwa makusudi vituo vya kulehemu nyaya za kibodi na za kisoma diski, ili mwenye chuma cha kulehemu na mkono usiotetemeka akirudishe kidude kile kuwa kompyuta kamili. Huyo namhesabu kuwa mbunifu mkubwa, kwa kuwa alipokuwa akifunga bidhaa yake alimfikiria mtu atakayeifungua.

Dosari ipo, nayo haiwahusu mafundi wenyewe bali wachuuzi, wanaovijaza visanduku hivi mamia ya michezo ya watu na kuviuza kama mali yao. Hiyo si sanaa ninayoisifu. Mwenye kaseti zake na atie michezo yake. Na asiye nazo bado hakukosa, maana hadi leo wapo watunzi wanaoiandikia mashine ile ya kale michezo mipya na kuiuza kwa halali. Micro Mages, uliotoka mwaka 2019, ni mchezo wa wachezaji hadi wanne, nao watunzi wake waliubana ukaenea katika kilobaiti 40, kipimo kile kile cha Super Mario Bros.

Wewe msomaji uliye na kisanduku cha namna hii juu ya kabati, tafuta waya wenye nyuzi zote, kisha kabla ya kuongeza mchezo wowote toa nakala ya kiini cha asili, na uiweke mahali pawili.