Jembe na Nyumba: Maana ya Alama Mbili za Uchaguzi

Katika uchaguzi mkuu wa Tanzania wa Septemba 1965, uliokuwa wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja, kila jimbo la Bara lenye ushindani lilikuwa na wagombea wawili wa TANU. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwenzake alama ya nyumba. Wapigakura wengi hawakujua kusoma, na picha ilikusudiwa iwatambulishe wagombea pasipo kusema lolote juu yao. Je, yawezekana picha ya kitu chenye jina la Kiswahili ikae kimya?

Jozi hiyo ilichaguliwa kwa akili. Vitu vyote viwili ni vya heshima, vyajulikana Usukumani kama vijulikanavyo Rufiji, wala kimoja si adui wa kingine. Lau zingechaguliwa simba na kondoo, ushindi ungalikuwa umekwisha kutolewa kabla ya siku ya kura. Lakini vitu vikilingana, majina yake hayalazimiki kulingana. Jembe ni neno la kazi na jasho. Laelekea nje, shambani, na lamkumbusha mtu mkono utendao. Nyumba ni neno pana zaidi: ni jengo, ni watu wakaao humo, na katika neno unyumba ni ndoa yenyewe. Mwenye jembe aweza kuwauliza wasikilizaji watakula nini ndani ya nyumba tupu. Mwenye nyumba aweza kujibu kwamba hata jembe hulazwa ndani. Majibizano ya namna hii yana utamu wake, na watu waliozoea mashairi ya kujibizana huyaonja upesi. Ubaya wake ni kwamba yakiisha, msikilizaji hajajua bado ni nani kati ya wawili hao aliye mwaminifu.

Kanuni za kampeni zilizidisha jambo hilo. Wagombea walihutubia mikutano ya pamoja, iliwapasa waseme Kiswahili tu, nao walikatazwa kutumia kabila, rangi au dini kutafutia kura. Makatazo hayo yalikuwa na faida kubwa, na lugha ya taifa ilipata humo kazi ambayo shule peke yake haingeweza kuipa. Hata hivyo wote wawili walikuwa watu wa chama kimoja, chini ya sera moja. Msemaji aliyekwisha kuzuiwa kupinga sera, na kuzuiwa pia kutaja ukoo, hana budi kuegemea sifa zake mwenyewe, na sifa zikipungua huingia sitiari. Isisemwe lakini kwamba watu walidanganywa na picha. Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alishindwa katika uchaguzi huo. Kuanguka kwa waziri hakuelezwi na jembe wala nyumba.

Kasoro iliyo kubwa zaidi ilikuja baadaye, na ajabu ni kwamba haikusahihishwa. Mwaka 1977 TANU na ASP ziliungana kuwa Chama cha Mapinduzi, na nembo ya chama kipya ikawa jembe na nyundo. Alama za kale za wagombea ziliendelea kutumika. Basi katika uchaguzi wa 1980 mmoja wa washindani alisimama na sehemu ya nembo ya chama, na mwenzake hakuwa nayo. Mazungumzo ya watu nayo yamelipendelea jembe: siku hizi mtu hodari kazini huitwa jembe, na hakuna asifiwaye kwa kuitwa nyumba.

Kenya ilijaribu njia nyingine katika kura ya maoni ya Novemba 2005, ambapo ndizi ilikuwa alama ya kukubali katiba iliyopendekezwa, na chungwa alama ya kuikataa. Matunda hayo hayakuwa na uzito wa jembe katika lugha. Upande wa chungwa ulishinda, na tunda likapata kutoka kwa siasa maana ambayo Kiswahili hakikulipa. Limo hata leo katika jina la chama cha Orange Democratic Movement.