Mtaa Mmoja na Mji Mzima: Lisbon ya Fernando Pessoa

Lisbon imekaa pale mto Tejo unapokaribia kumwaga maji yake baharini, na maji yaliyo mbele ya mji hujaa na kupwa kama yanavyojaa na kupwa maji ya Forodhani. Ni mji wa vilima, na mitaa yake haifanani. Mshairi Fernando Pessoa, aliyezaliwa humo mwaka 1888 na kufariki humo mwaka 1935, aliuandika mara mbili kwa nathari. Vitabu hivyo viwili, ambavyo mwenyewe hakujaaliwa kuviona vikichapishwa, vinapingana kwa namna inayostahiki kutazamwa na kila mpenzi wa fasihi anayejiuliza mtaa huandikwaje.

Cha kwanza ni mwongozo wa wageni alioutunga kwa Kiingereza katika miaka ya 1920, ukachapishwa mwaka 1992. Kiingereza hicho alikipata Durban, alikolelewa na kusomeshwa kati ya 1896 na 1905. Katika mwongozo huu mgeni anaingia kutoka baharini, anapokewa, anapakiwa garini na kuzungushwa: viwanja, makanisa, makumbusho, masanamu. Taarifa ni nyingi, moyo haumo. Mitaa inapita dirishani mmoja baada ya mwengine, na sifa anazopewa huu angeweza kupewa ule bila ya msomaji kushtuka.

Hasara ya mwendo huo inadhihirika Alfama. Mtaa huu wa wavuvi, ulio chini ya ngome kongwe, ulinusurika kwa sehemu kubwa na zilzala ya tarehe 1 Novemba 1755, na ndiyo maana vichochoro vyake vimebaki vimepindapinda hadi leo. Jina lake aghalabu hurejeshwa kwenye neno la Kiarabu la chemchemi za maji ya moto. Mzizi wake ni ule ule uliozaa neno hamamu na kuipa Unguja mtaa wa Hamamni. Hapo palikuwa na jambo la kumsimamisha mshairi. Mji ulikuwa mikononi mwa Waislamu mpaka ulipotekwa na mfalme Afonso Henriques mwaka 1147. Waliobaki walitengewa mahala pa kuishi nyuma ya kilima cha ngome, nako kukaitwa Mouraria, yaani mtaa wa Wamoro. Karne nyingi baadaye, katika vichochoro vya Mouraria hiyo hiyo, iliimbwa fado ya Maria Severa, aliyefariki mwaka 1846 akiwa kijana bado. Watu walisukumwa nyuma ya kilima, na baada ya dahari wimbo wa mji mzima ukachipukia huko huko. Mwongozo unaisifu Alfama kwa ukongwe wake tu, kama mtu anayesifu sanduku la njumu bila ya kulifunua.

Kitabu cha pili ni Livro do Desassossego, kitabu cha kutotulia, kilichokusanywa kutokana na makaratasi aliyoyaacha na kutolewa mwaka 1982. Pessoa alimpa kazi ya kukiandika Bernardo Soares, karani msaidizi wa hesabu katika Rua dos Douradores, mtaani Baixa. Uchaguzi huu wa mahala si wa bure. Baixa ndiyo iliyobomolewa na zilzala, ikajengwa upya chini ya Marquês de Pombal kwa njia zilizonyooka kama mistari ya daftari, njia kadhaa zikatajwa kwa ufundi au biashara: hii ya washona viatu, ile ya wauza nguo, na hii ya Soares ya mafundi wa kupaka dhahabu. Mtu angedhani kwamba mtaa uliochorwa mezani na wahandisi hauna siri ya kumpa mshairi. Vichochoro vya Alfama, ambavyo mtunzi mvivu angevikimbilia, Pessoa anaviacha.

Soares anafanya kazi kwa bwana Vasques na amepanga chumba cha ghorofa ya nne katika njia hiyo hiyo. Safari zake ni fupi. Lakini siku tarishi wa ofisi anaporudi kwao moja kwa moja, karani anagundua kwamba kijana yule, ambaye alimwona kila siku, alikuwa sehemu ya nafsi yake, na kwamba njia nzima imepungua. Siku nyengine anaambiwa kwamba kinyozi mwenziwe, aliyezoea kumwona kazini, amekufa. Habari ni ndogo, ya kusemwa mlangoni na kusahauliwa, Soares haisahau. Ukurasa wa tarishi unaipa Baixa uzito ambao makanisa yote ya mwongozo hayakuweza kuupa mji. Baada ya kuusoma, msomaji anaijua Rua dos Douradores kama anavyojuliwa jirani: kwa aliyehama na aliyefiwa.

Hata hivyo, sifa hizo zina mpaka wake. Jirani za Soares hawasemi sana. Wanapita, wanatazamwa, wanahama au wanakufa, na maneno yote yanabaki kwa karani. Wanawake ni vivuli. Tena upande wa magharibi wa Baixa, kwenye mtaa ujulikanao leo kwa jina la Madragoa, palikuwapo tangu mwishoni mwa karne ya 16 mtaa ulioitwa Mocambo, makazi ya Waafrika, watumwa na walio huru. Kutoka ofisini kwa Vasques, mtu angefika huko kwa miguu na kurudi kabla ya magharibi. Pessoa aliyapitisha Durban miaka ya utoto na ujana wake, kwenye ufukwe wa bahari hii hii yetu, na bado msomaji anayezitafuta sauti za Mocambo katika kitabu chake hazipati. Anabaki kwenye dirisha la ghorofa ya nne, akiyatazama mapaa ya magharibi, bila ya kuambiwa chini yake walikaa akina nani.