Mizani Haisomi Nakshi: Kupima Kito cha Zamani Kabla ya Kukiuza

Katika mkoa wa Wamakonde, hakuna anayeuza kinyago cha mpingo kwa bei ya kuni. Kila mtu anajua kuwa mchongaji aliweka humo kitu ambacho gogo halikuwa nacho. Lakini kikuku cha fedha kilichofuliwa kwa mkono kikifika kwenye meza ya sonara Mtwara Mjini, mara nyingi huuzwa hivyohivyo: kinawekwa kwenye mizani, gramu zinasomwa, bei inatajwa, na baada ya siku chache kimo ndani ya chungu cha kuyeyushia. Nakshi iliyomgharimu mfuaji siku nyingi haikuingia kwenye hesabu hata kidogo.

Sababu ya kwanza ni haraka. Kito hutolewa sandukuni ada za shule zinapodaiwa, mgonjwa anaposafirishwa, au hela ya korosho inapochelewa. Novemba 2018 Serikali ilipoamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima wengi wa Mtwara na Lindi walisubiri malipo yao kwa miezi. Nyakati kama hizo dhahabu ya mahari na kidani cha bibi ndiyo akiba iliyo karibu. Sababu ya pili inatibika: mwenye kito hajui anachokishika.

Kima cha chini

Mizani ina kazi yake, nayo ni kutaja bei ambayo kito hakipaswi kuuzwa chini yake. Mwenye mali anapaswa kuijua namba hiyo kabla hajatoka nyumbani.

Dhahabu tupu ni karati 24. Karati 22 ni sehemu 22 kati ya 24, ndiyo maana muhuri wake husomeka 916. Karati 21, inayopendwa sana nchi za Ghuba, ni 875. Karati 18 ni 750. Karati 9 ni 375. Kwa hiyo bangili ya gramu 20 yenye muhuri 750 ina gramu 15 za dhahabu tupu, na ya uzito huohuo yenye 916 ina gramu 18.3. Bei ya soko la dunia hutajwa kwa aunsi ya gramu 31.1. Igawanywe kwa 31.1, igeuzwe kuwa shilingi kwa kiwango cha siku hiyo, kisha izidishwe kwa gramu za dhahabu tupu. Sonara atapunguza gharama ya kusafisha na faida yake, na hiyo ni haki yake, ila sasa muuzaji anaweza kuona kilichopunguzwa ni kiasi gani.

Kwa fedha hesabu ni ileile, ila matokeo yake yanageuza kila kitu. Gramu moja ya dhahabu hununua makumi ya gramu za fedha. Mkufu mwembamba wa dhahabu uliotoka kiwandani hubeba karibu thamani yake yote ndani ya madini, na kuuyeyusha si hasara kubwa. Kikuku cha fedha cha kufuliwa hubeba sehemu kubwa ya thamani yake katika kazi. Hicho kikiyeyushwa, kinachobaki mkononi ni kidogo mno. Ndiyo maana fedha ya kale, ambayo watu huidharau mbele ya dhahabu, ndiyo inayohitaji jicho kali zaidi kabla ya kuuzwa.

Muhuri na kukosekana kwake

Chombo cha kwanza cha mjuzi ni lenzi ya kukuza mara kumi. Mihuri hukaa ndani ya pete, kwenye kifungio cha mkufu, au kwenye sindano ya hereni. Kichwa kidogo cha tai ni muhuri wa Ufaransa kwa dhahabu ya karati 18, unaotumika tangu 1838. Nyota ikifuatwa na namba na herufi mbili za mkoa, kama AR ya Arezzo, inatoka Italia. Dhahabu mpya ya India, kuanzia 2021, hupigwa alama ya tarakimu na herufi sita inayotambulisha kila kipande.

Kito cha kale cha pwani mara nyingi hakina muhuri wowote, na hapo ndipo wengi hudanganywa. Masonara wa Oman na wa pwani hii waliyeyusha riale za Maria Theresa, sarafu za Austria zilizozunguka kuanzia Bahari Nyekundu hadi Afrika Mashariki. Zote zina mwaka 1780, hata zilizopigwa karne ya 20. Kila moja ina uzito wa gramu 28.07 na usafi wa 833, yaani gramu 23.4 hivi za fedha tupu. Kikuku kilichotoka kwenye riale hakiwezi kuwa safi kuliko riale yenyewe, isipokuwa sonara aliisafisha kwanza. Mnunuzi akisema kito ni cha uongo kwa sababu hakifiki 925, hajajua asili yake. Kinyume chake, muhuri wa 925 uliopigwa kwa mashine juu ya kito kinachosemekana ni cha zama za bibi wa bibi ni dalili ya kazi mpya.

Palipo na shaka, kikombe cha maji husaidia. Kito hupimwa kikavu; kisha kikombe cha maji kinawekwa juu ya mizani, mizani inarudishwa sifuri, na kito kinaning'inizwa kwa uzi ndani ya maji bila kugusa kikombe. Uzito mkavu ukigawanywa kwa namba inayoonekana sasa, jibu ni uzito wa madini yale yakilinganishwa na maji. Dhahabu tupu hutoa 19.3, fedha tupu 10.5, shaba nyeupe na ya njano hukaa karibu na 8.5. Njia hii haifai kwa kito chenye mvungu au chenye mawe, lakini bangili nzito ya shaba iliyochovywa maji ya dhahabu haiwezi kujificha.

Mkono wa mfuaji

Kusini ya mdomo wa Ruvuma, katika visiwa vya Kirimba nchini Msumbiji, kipo kisiwa cha Ibo. Huko watu husema Kimwani, lugha jirani ya Kiswahili, na mafundi wake wa fedha wamejulikana kwa muda mrefu kwa kazi ya nyuzi. Sarafu na fedha chakavu huyeyushwa, hufuliwa kuwa ufito, kisha huvutwa katika matundu madogo na madogo zaidi mpaka upatikane uzi mwembamba. Nyuzi mbili husokotwa pamoja, hubanwa kidogo, na kukunjwa kuwa maua, mawimbi na mioyo ndani ya fremu nene zaidi.

Kazi hii inasomeka. Chini ya lenzi, ukingo wa uzi wa kweli una vijino vidogo vinavyofuatana, alama ya ule msokoto. Kito kilichomiminwa kwenye kalibu kwa kuiga kazi hiyo kina kingo butu, na vijino vyake vimezibika kama vimepakwa mafuta. Kisha kinyanyuliwe kwenye mwanga wa dirisha: matundu yote yawe wazi. Fundi mzuri hutumia lehemu kidogo sana, ikashika penye mgusano tu. Fundi wa haraka huiacha ifurike na kujaza mianya. Baada ya hapo kigeuzwe. Mgongo wa kito ndio unaosema ukweli, kwa sababu mfuaji mwenye heshima na kazi yake huusafisha sawasawa na uso. Mwisho, hereni mbili zilinganishwe. Za mkono hazifanani kabisa, ila tofauti yake ni ya unywele. Zikifanana kwa kila kovu, zimetoka kwenye kalibu moja.

Vikuku na mitali ya Oman vina mtihani mwingine. Vingi vimefanywa kwa bamba lililogongwa kwa nyundo na kukunjwa, ndani kuna mvungu. Mjuzi hupitisha kidole juu ya mapambo: yaliyogongwa kutoka nyuma yana mwinuko laini na unene wa bamba hubadilika kidogo, ilhali ya kubandikwa yana mpaka mkali. Hutikisa asikie kama kuna kokoto zilizowekwa makusudi zilie mvaaji anapotembea. Hutazama pia mahali palipolika: upande wa ndani wa kikuku, panapogusa kifundo, panapaswa kuwa laini kuliko juu. Ulikaji uliosambaa sawasawa pande zote umetengenezwa kwa brashi.

Shanga na mawe

Mnunuzi wa chakavu hung'oa mawe na kuyarudisha, au huyahesabu kuwa bure. Muuzaji mwerevu huyapima peke yake.

Katika vidani vya kale hukutwa marijani nyekundu, ile watu wa pwani waiitayo fedhaluka, na kaharabu. Kaharabu ya kweli huelea kwenye maji yaliyokolezwa chumvi. Plastiki nyingi za zamani huzama. Lakini sandarusi nayo huelea, na sandarusi ilichimbwa ardhini kwa wingi karne ya 19 na kusafirishwa kutoka pwani hii ya Tanganyika. Inatenganishwa kwa tone la spiriti upande usioonekana: sandarusi hulainika na kunata, kaharabu hubaki kavu. Kwenye pete, yakuti ya buluu huenda ikatoka Tunduru, ambako wachimbaji walimiminika katikati ya miaka ya 1990, na jiwe la buluu-zambarau huenda likawa tanzanaiti ya Mirerani. Tanzanaiti ni laini kuliko yakuti, hivyo mikwaruzo juu yake hushusha bei, na kingo zake zikaguliwe zote.

Kuna vitu ambavyo havipaswi kutafutiwa soko la nje hata viwe vizuri vipi. Bangili za pembe za ndovu na vitana vya gamba la ng'amba vimezuiwa katika biashara ya kimataifa, na kasa wa Msimbati wanalindwa ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Vilevile Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inadhibiti kutoa nchini vitu vya kale. Mwenye kidani cha karne zilizopita aulize Idara ya Mambo ya Kale kabla ya kukipeleka kwa mnunuzi wa ng'ambo.

Jina kubwa

Gesi iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, na utafutaji wa baharini baada ya 2010 uliiletea Mtwara wageni wengi wa mashirika ya mafuta. Kwa hiyo si ajabu bangili ya Cartier ikatokea katika mji huu kama zawadi au malipo ya deni. Ile yenye alama za skrubu ilibuniwa na Aldo Cipullo huko New York mwaka 1969; mkufu wa maua ya petali nne, Alhambra wa Van Cleef & Arpels, ulianza 1968. Miundo hii miwili ina wanunuzi wa mkono wa pili duniani kote, nao hulipa juu ya bei ya dhahabu iliyomo.

Tahadhari moja ni muhimu kuliko zote: dhahabu ya kweli haithibitishi jina. Zipo bangili za kuiga zilizofanywa kwa karati 18 halisi, na tindikali ya sonara itazipitisha bila shida. Kinachotazamwa ni maandishi: jina, 750, na namba ya pekee, vimechongwa kwa kina kimoja, herufi kali, nafasi sawa. Skrubu zikae sawa na bamba. Boksi, cheti na risiti ya duka huongeza bei kwa sababu humpunguzia mnunuzi hofu. Bila hivyo, kito kipelekwe kwa mtaalamu wa chapa hizo Dar es Salaam au Nairobi kabla ya kutajiwa bei yoyote.

Historia nayo hulipwa. Mwaka 2010 bangili ya chui iliyotengenezwa na Cartier 1952 kwa ajili ya Wallis Simpson, mke wa mfalme wa Uingereza aliyejiuzulu, iliuzwa London kwa zaidi ya pauni milioni 4.5, kiasi ambacho hakihusiani na uzito wake. Familia ya Mikindani haina mke wa mfalme, lakini huenda ina picha ya harusi ya mwaka fulani, bibi akiwa amevaa kidani hichohicho. Picha hiyo ikiambatana na karatasi inayoeleza nani alikifua, kilinunuliwa wapi na kilirithiwa vipi, kito kinaacha kuwa cha mtu asiyejulikana.

Mezani

Kabla ya kuuza, kito kisisuguliwe. Weusi ulioingia kwenye mabonde ya nakshi ya fedha huonyesha umri na kuikoleza nakshi yenyewe. Dawa ya kung'arisha huondoa vyote viwili. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa laini vinatosha, na kaharabu na marijani visilowekwe. Kifungio kilichokatika kiachwe kilivyo, maana lehemu mbaya hushusha thamani kuliko kifungio kisichokuwapo.

Kipigwe picha mbele, nyuma, kwenye muhuri na kando ya rula. Bei iulizwe kwa watu watatu wa aina tofauti: sonara anayeyeyusha, sonara anayeuza tena vito vizima, na mkusanyaji au duka la vitu vya kale. Wa kwanza atathibitisha kima cha chini. Mwingine akikubali kuuza kwa niaba, yaandikwe asilimia yake, muda wa kukaa na kito, na bei ambayo hapaswi kushuka chini yake bila ruhusa.

Mnunuzi naye ana wajibu wake. Tangu vita ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ianze 2017, na hasa baada ya shambulio la Palma la Machi 2021, watu wamevuka Ruvuma wakiwa na kile tu walichoweza kubeba. Mama aliyekimbia na kikuku cha Ibo mkononi hana nafasi ya kubishana bei, na dhiki yake haimpi mtu haki ya kumlipa kwa gramu peke yake. Kikuku hicho kipimwe kama kingine chochote, kazi yake ihesabiwe. Na kwa kuwa vita pia huzalisha mali ya wizi, risiti iandikwe hata kwa kipande kidogo: majina na namba za vitambulisho vya pande zote mbili, uzito, usafi, maelezo ya nakshi, picha, na bei ikitengwa sehemu mbili, ya madini na ya kazi.