Mapenzi Kwanza, Risasi Baadaye

Kila ninayemsikia akiota filamu ya Vita vya Maji Maji, ya Ngarambe ya 1905, anaanza na risasi. Simlaumu. Dawa ya maji, mashujaa, bunduki za Wajerumani: vyote vina kishindo. Ila kabla hajakodi bunduki hata moja, namsihi aitazame tena Vuta N'kuvute ya Amil Shivji (2021).

Riwaya ya Adam Shafi (1999) imejaa watu na misukosuko ya Unguja ya wakoloni. Shivji na mwandishi mwenzake, Jenna Bass, wameipogoa mpaka ikaenea dakika 92. Mbele wamebaki Yasmin, binti wa Kihindi aliyemtoroka mume mzee, na Denge, mpinga ukoloni. Ufundi uko hapa: Yasmin hahutubiwi. Anampenda mtu anayesakwa na serikali, na hofu ya kumpoteza inamfunza ukoloni kuliko hotuba yoyote. Siti Amina, anayeigiza Mwajuma, ni mwimbaji kweli, kwa hiyo taarabu haikubandikwa juu ya picha. Ina mwenyewe mle ndani. Mwendo ni wa taratibu, mahali pengine mno kwa ladha yangu, lakini bila utaratibu huo tusingeisikia hofu.

Ebrahim Hussein aliujua mlango huu wa kuanzia nyumbani zamani. Tamthilia yake, Kinjeketile (1969), inafunguka na wanawake wakizungumza juu ya njaa, huku mume wa mmoja wao akijifungia chumbani. Mto wa dawa ya maji unakuja baadaye.

Na Ngarambe ina kitu ambacho Unguja haikuwa nacho. Habari za dawa ya Kinjikitile, mganga wa Ngarambe, zilisambaa Umatumbi kwa mnong'ono walioupa jina: njwiywila. Hapo mtengeneza filamu amepewa bure. Siri ya vita na siri ya wapenzi husemwa kwa sauti moja. Kijana anatoka kwenye shamba la pamba ya lazima, mgongo una alama za viboko, anamwinamia mchumba sikioni. Tusisikie neno. Ni posa, au ni maji? Tutajua siku binti atakapomkuta hayupo.

Makundi yaliyomiminika Ngarambe kufuata dawa yasikike tu, usiku, nyuma ya ukuta wa udongo. Bajeti nayo itashukuru.

Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Habari hiyo ningemfikishia binti akiwa mtoni, kamera ibaki kwenye mtungi unaoendelea kujaa. Mtungi, jamani. Ndoo ya plastiki tumeshaiona.