Soketi Iliyoliwa na Chumvi

Mafundi wengi wakiletewa ubao mama wa zamani uliokufa, huumwagia spiriti, wakausugua kwa mswaki, kisha wakaujaribu. Kwa kompyuta iliyokaa Dodoma huenda ikatosha. Kwa Tanga haitoshi, na bodi niliyoifuatilia kwa fundi mmoja wa Ngamiani inaonyesha kwa nini.

Ilikuwa bodi ya Soketi 7 (soketi ya kuchomekea prosesa), ya zama za Pentium katikati ya miaka ya 1990, iliyolala stoo upande wa Raskazone, jirani na bahari. Mwenyewe aliing'ang'ania kwa sababu programu yake ya mizani inatumia DOS na kadi ya ISA, na kompyuta za dukani leo hazina pa kuichomeka kadi hiyo. Feni ilizunguka, skrini ikabaki nyeusi. Prosesa ilipotolewa, baadhi ya matundu ya soketi yalikuwa na kutu ya kijani.

Kijani kile ni shaba iliyoliwa. Kontakti za soketi ni aloi ya shaba iliyopakwa nikeli, na juu yake dhahabu nyembamba mno. Dhahabu haishiki kutu, ila utando wake una vitundu visivyoonekana kwa macho, na chumvi ya bahari hupenya humo. Chumvi ya mezani huanza kunyonya maji hewani unyevu ukifika kama asilimia 75. Magnesi kloridi, iliyomo ndani ya chumvi ya bahari, hulowa hata kwenye asilimia 33. Kwa hewa ya Tanga basi, uchafu huo haukauki, iwe kusi au kaskazi.

Spiriti huondoa mafuta na gundi, lakini chumvi karibu haiigusi. Chumvi huondolewa na maji. Fundi alitoa ramu na betri ya saa, akaiosha soketi mara kadhaa kwa maji yaliyosafishwa ya kuongezea betri za magari (si asidi yake, soma chupa vizuri). Spiriti ya isopropili ilifuata baadaye, kazi yake ikiwa kuyafukuza maji tu. Kuna aliyeshauri ndimu. Ndimu au siki hufaa pale betri za nikeli-kadimi za bodi za 386 na 486 zinapovuja, kwa kuwa kinachovuja ni alkali. Ndani ya soketi, sukari na asidi ya ndimu vingejificha chini ya plastiki, na sisimizi wangefuata.

Kilichonivutia zaidi ni alivyoutumia wenzo wa soketi. Mswaki huishia juu ya plastiki; pini na kontakti hukutana ndani, usikoweza kufika. Lakini ukiushusha wenzo, bamba la juu huteleza na kuisukuma kila pini ikwaruze kontakti yake. Soketi ina msasa wake yenyewe! Fundi aliweka prosesa mbovu ya aina ileile, akadondoshea isopropili, akaushusha na kuuinua wenzo mara nyingi, huku akizifuta pini kila zilipotoka chafu. Msasa wa dukani ungekwangua dhahabu na nikeli, na shaba iliyobaki uchi huliwa upesi kuliko mwanzo. Kisha bodi ililala ndani ya boksi lenye balbu inayowaka hadi asubuhi.

Soketi 7 ina matundu 321, nayo hayana uzito sawa. Baadhi ni ya umeme na ya ardhi, yanabebana. Moja likifa huenda usijue. Njia za data ni 64, na hakuna inayoshika zamu ya mwenzake. Hizo ndizo alizozipima: uzi wa shaba wa kebo ya simu, usiozidi unene wa pini, ndani ya tundu, wenzo chini, mita kati ya uzi na mguu wa chini ya bodi. Tundu lililosoma namba inayorukaruka lilirudi kuoshwa.

Bodi iliwaka. Nisichokubaliana nacho ni mafuta ya cherehani aliyoyapaka mwishoni: yatakamata vumbi. Heri prosesa ikae ndani wenzo ukiwa umefungwa, na mashine iwashwe mara kwa mara, maana joto lake hupunguza unyevu.

Haya yote yanafaa kama kutu imeishia kwenye kontakti. Ikishashuka hadi kwenye miguu iliyochomelewa chini, itabidi kubadilisha soketi nzima, yaani kuyeyusha risasi ya miguu 321. Hapo mimi ningetafuta bodi nyingine.